Chawa wa Maji ya Chumvi

Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyewaona kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha katikati, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama wima kama zimesikia habari mbaya, na uso wake umeelekea kwenye lile tangi. Fundi Vioo, mume wa mwenye saluni, alilitengeneza kwa mikono yake na kuliweka pale ili wateja wanaosubiri zamu wapate cha kutazama. Cha kutazama kilikuwa bado. Kulikuwa na maji ya chumvi, mchanga, mawe matatu yaliyotoka baharini, na pampu inayokoroma kama baba mkwe aliyeshiba. Samaki hakuwamo hata mmoja.

"Mama Kijino," Shangazi akauliza, "hivi vidudu vyeupe vinavyotembea kwenye kioo ni nini?"

Mama Kijino aliacha kusuka. Vidole vyake vilikuwa vimesimama nyuma ya sikio la Shangazi. Fundi Vioo, aliyekuwa mlangoni akikaza skrubu za kioo cha ukutani, aliona mkewe amesita, akadhani ni swali lile limemkera. Tangu tangi liingie ndani, wateja walikuwa wanalicheka. Mmoja aliliita kabati la maji, mwingine akauliza kama samaki wameenda likizo.

"Shangazi," Mama Kijino akasema polepole, "leo mikono inaniuma. Nitakufunga kitambaa vizuri, kisha kesho uje mapema, kabla sijafungua mlango. Uje peke yako, nitakumalizia."

"Niondoke na kichwa nusu? Mimi?"

"Nusu yenyewe imekupendeza. Kesho, Shangazi wangu. Mapema."

Shangazi aliondoka amenuna. Fundi Vioo naye alishangaa, maana katika miaka yote ya ndoa yao hajapata kumwona mkewe akimwacha mtu nusu, wala kusikia mikono yake ikiuma. Mikono ile ilikuwa ya chuma. Lakini mwanamume akiona jambo asilolielewa nyumbani kwake, mara nyingi hukaza skrubu iliyo mbele yake, na Fundi Vioo alifanya hivyo hivyo.

Kesho yake Shangazi hakuja. Zilikuja habari zake.

*

Alipofika kwake alianza kujikuna. Alijikuna jioni, akaamka anajikuna, akachukua kitana na kuchana juu ya kitambaa cheupe, na kilichoangukia pale kilikuwa na miguu. Shangazi hakuwa mwongo. Alichokiona alikiona, na akajumlisha kama ambavyo mtu yeyote angejumlisha: nimekaa saluni, nimeona vidudu vyeupe vinatembea kwenye kioo na vingine vimeganda kama mayai ya chawa, nimerudi nyumbani nina chawa. Basi wale wanafuga chawa kwenye tangi. Akamwambia mama wa bibi harusi, na mama wa bibi harusi alikuwa na kinywa kisicho na mlango.

Bibi harusi na wapambe wake wote wakahamia saluni nyingine. Wakawafuata wateja wa kila wiki, kisha wa kila mwezi. Watu waliokuwa wakipita mbele ya saluni wakaanza kuvuka barabara. Muuza mikate, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaacha kumpa Mama Kijino chenji mkononi, akawa anaiweka juu ya meza na kuisukuma kwa kidole kimoja.

Shuleni mambo yakawa mabaya zaidi. Kijino, binti yao aliyeitwa hivyo kwa sababu ya jino moja la mbele lililotangulia wenzake, alirudi siku moja amejifunga sweta kichwani katikati ya joto.

"Mwalimu amenihamisha," akasema. "Nakaa peke yangu, nyuma, karibu na mifagio. Ameniangalia kichwa mbele ya wote na hakuona kitu, lakini akasema nikae huko kwanza."

Mama Kijino alimvua lile sweta, akampitishia vidole kichwani taratibu. Fundi Vioo hakuweza kuvumilia. Alitoka nje akajifanya anatafuta almasi yake ya kukatia vioo, nayo ilikuwa mfukoni. Yeye ndiye aliyeleta tangi. Kazi yake ya vioo ilikuwa ya kubahatisha, leo dirisha, kesho hamna. Saluni ndiyo iliyoweka sufuria jikoni. Sasa mapenzi yake ya maji ya chumvi yalikuwa yamemwaga mchanga kwenye kitumbua cha mkewe.

*

Bwana afya alikuja mchana. Alikuwa kijana mwenye kipara cha kunyoa, viatu vinavyong'aa, na adabu. Alikataa kukaa, lakini alikataa kwa upole.

"Mama, tumepata malalamiko," akasema. "Inadaiwa kuna wadudu wa mwilini katika saluni hii. Chawa."

"Tazama."

Akatazama viti, vitambaa, machanuo yaliyokuwa yamelowekwa kwenye dawa. Hakuona kosa. Kisha akafika kwenye tangi, akainama, na ule upole ukamtoka kidogo. Kwenye kioo, kwenye vumbi la kahawia la mwani lililokuwa limeanza kuota, vitu vyeupe vidogo kuliko chembe ya chumvi vilikuwa vinaruka-ruka. Pembeni yake palikuwa na vidoa vyeupe vimeganda, vingi, safu kwa safu.

"Hawa ni nini?"

"Sijui," akasema Mama Kijino.

"Hujui?"

"Walikuja na mawe. Aliyetuuzia alisema tangi jipya lisitiwe samaki mpaka lizoee. Hivi vimetokea vyenyewe."

Bwana afya akajikuna kipara, kisha akajishtukia akaushusha mkono. "Mama, mimi siwezi kuandika kwamba kitu hakina madhara wakati mwenye kitu mwenyewe hajui ni nini. Lakini kuna njia rahisi. Mwageni haya maji leo, mkaushe tangi, na mimi nitaandika wadudu wameondolewa. Mambo yanaisha."

Fundi Vioo alikuwa ameshashika ndoo. Kwake lilikuwa jambo lililokwisha, angemwaga hata na machozi yake humo humo.

"Weka ndoo chini, Baba Kijino," mkewe akasema. Kisha akamgeukia bwana afya. "Ukiandika wameondolewa, mwanangu, si utakuwa umeandika walikuwapo?"

Bwana afya akalitazama tangi tena.

"Nikimwaga leo, nimekiri. Kila atakayejikuna mji huu atasema ni wale waliokuwa kwa Mama Kijino. Maji yakimwagika hayazoleki, na jina ni hivyo hivyo."

"Basi nitarudi Ijumaa," akasema bwana afya. "Unionyeshe ni nini. Ukishindwa, nitafunga, na nitasikitika."

Alipotoka, Fundi Vioo alimgeukia mkewe. "Wewe mtu gani? Umeletewa kamba ya kuvukia mto, unaitupa! Sasa utajuaje jina la kitu ambacho hata kuonekana hakitaki?"

Mama Kijino aling'oa unywele mmoja kutoka kichwani mwake. Akaushika kwa ncha, akauteremsha ndani ya tangi mpaka ukagusa kioo, katikati kabisa ya kundi lile linalorukaruka. Akangoja. Wale wadudu wakaupita kama watu wanavyopita kijiti barabarani. Hakuna aliyeugeukia.

"Chawa humwambii unywele mara mbili," akasema. "Hawa hawajui hata unywele ni nini. Sasa tunajua si nani. Kilichobaki ni kujua ni nani."

*

Walianza na aliyewauzia mawe, kijana mmoja mwenye duka la samaki wa mapambo, aliyejulikana kwa jina la Mapezi. Alikuja anacheka, akalitazama tangi, akapiga makofi.

"Hongereni! Tangi limezaliwa. Hawa ni neema, Mama. Samaki watakuja kuwala."

"Wanaitwaje?"

"Aa, hapo sasa. Mimi nauza samaki, siuzi majina."

Lakini Mapezi alikuwa na moyo mzuri. Aliwaingiza kwenye kundi la simu la watu wanaofuga samaki wa maji ya chumvi, watu wasiojuana kwa sura. Fundi saa wa mtaa wa pili akawaazima kile kikombe chake cha jichoni chenye lenzi, cha kutazamia vyuma vya saa. Fundi Vioo alipokibana kwenye kamera ya simu na kuisogeza kwenye tangi, aliruka nyuma akakanyaga beseni.

"Wana mikia!" akapiga kelele.

Kwa kuwa hakukuwa na vichwa vya kusuka, macho yalikuwa na nafasi. Mama Kijino aliweka kiti cha wateja mbele ya tangi, akakaa na kikombe cha fundi saa jichoni, kama alivyozoea kukaa nyuma ya kichwa cha mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Fundi Vioo alimtazama akastaajabu. Aliwahi kumwona akimaliza misuko midogo midogo elfu moja bila kuinua uso, lakini alidhani ule ni uvumilivu wa kazi. Sasa aliona kwamba mkewe alikuwa anapenda kuona. Tangi lilikuwa lake yeye, tangu harusi yao alikuwa akiliota, na bado katika wiki zote hizo hakuwa amelitazama kama mwanamke huyu alivyolitazama kwa asubuhi moja.

"Njooni," akawaita. "Kidole kimoja hakivunji chawa, na hawa hata si chawa. Kijino, wewe una macho mapya. Baba Kijino, shika taa. Usitikise."

Wakatuma picha kwenye kundi. Jibu la kwanza likaja upesi, kutoka kwa mtu aliyejiita Nahodha: *Hao ni chawa wa samaki. Hatari. Mwaga yote.*

Fundi Vioo akasoma mara mbili. Neno lenyewe! Chawa! Alitaka kuizima simu kabla mkewe hajaona, lakini Mama Kijino alikuwa ameshasoma juu ya bega lake. Alifunika mdomo kwa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze alionekana ameshindwa.

Kisha akajibu mtu mwingine. Huyu hawakupata kujua ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Wao walimwita Bwana Maswali, kwa kuwa hakuna alichowahi kusema bila kuuliza. Aliandika: *Tangi lina samaki?*

*Hapana,* Kijino akaandika.

*Limewahi kuwa na samaki?*

*Hapana. Watu wanatucheka.*

*Basi wachekeni nyinyi sasa. Chawa wa samaki anaishi kwa damu ya samaki. Hapo anakunywa damu ya nani? Ya mawe?*

Mama Kijino alicheka mpaka akashika meza. Kicheko kile, Fundi Vioo alikuwa amekisahau. Kumbe lile tangi lisilo na samaki, lililowafanya kichekesho cha mtaa, ndilo lililokuwa likiwatetea.

Maswali yakaendelea. *Anatembea kwa kuteleza au kwa kuruka?* Kwa kuruka. *Ana macho mangapi?* Hapo Mama Kijino alikaa na kikombe jichoni mpaka chai yake ikapoa. "Moja," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeona siri. "Jicho moja, jekundu, katikati ya paji." *Kuna wenye mizigo mkiani?* Wako! Wamebeba vifuko viwili, kimoja huku, kimoja huku, kama mwanamke anayetoka sokoni. *Ni mayai yake. Huyo ni mama. Wanaitwa kopepodi. Ni ukoo wa kamba na kaa. Bahari nzima inakula kwa sababu yao.*

"Kopepodi," Mama Kijino akarudia. "Shikamoo, mama."

Vile vidoa vyeupe vilivyoganda ndivyo vilivyomtesa zaidi. Hata yeye, kwa haki, alikiri kwamba vinafanana na mayai ya chawa. Bwana Maswali akauliza: *Vimenyooka au vimejikunja?* Vimejikunja, kama konokono mdogo kuliko kichwa cha pini. *Kaeni kimya mbele yake, msitikise meza. Kuna kinachotoka?*

Wakakaa kimya. Fundi Vioo alizuia hata pumzi. Kijino ndiye aliyeona. Katika mdomo wa kile kidoa kilichojikunja palichomoza kitu, kikafunguka, kikawa shada la nyuzi nyembamba zinazopepea ndani ya maji. Kisha kingine, kisha vyote, kioo kizima kikawa kinapunga mikono. Fundi Vioo alikuwa amevikwangua kwa wembe visivyo idadi, akidhani ni uchafu wa chokaa.

"Ni nyumba," Kijino akanong'ona. "Kuna watu ndani."

*Ni minyoo wajenzi,* akaandika Bwana Maswali. *Kila mmoja hujijengea nyumba yake kwa chokaa, na huvua chakula kwa zile nyuzi. Hamdhuru mtu. Akiguswa na kivuli tu hujifungia.*

Mama Kijino alilitazama lile shada muda mrefu. "Na hawa wameitwa mayai ya chawa," akasema. "Maskini."

*

Alhamisi Fundi Vioo alifanya kosa ambalo ni fundi vioo tu anayeweza kulifanya. Mkewe alikuwa ametoka kwenda shuleni kuzungumza na mwalimu, na yeye akabaki peke yake na kioo chenye vumbi la kahawia. Akafikiri: kesho anakuja mkubwa, na watu watakuja, nao watanikuta na kioo kichafu mimi? Alishika wembe na kitambaa. Alikuwa amefika kona ya mwisho ndipo akakumbuka kwamba lile vumbi ndilo shamba lao, na vile vipande vyeupe kwenye wembe wake vilikuwa nyumba.

Kioo kiling'aa. Ndani yake hapakuwa na kitu kinachotembea.

Mama Kijino aliporudi alisimama mbele ya tangi, akamtazama mumewe, akalitazama tena. "Baba Kijino," akasema, "umewaogesha?"

"Nilitaka kupendezesha," akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Hakumgombeza. Alikaa chini kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, akafumba macho. Ingekuwa afadhali amgombeze.

*

Ijumaa watu walijaa mpaka barabarani. Hawakuingia, walisimama kizingitini, shingo ndefu. Bwana afya aliingia, na nyuma yake Shangazi, kitambaa kichwani, kidevu juu. Alilitazama lile tangi linalong'aa, akaugeukia umati.

"Si mnaona? Amewaua! Kama hawakuwa chawa amewaua kwa nini?"

Watu wakaguna. Bwana afya akamtazama Mama Kijino, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amekuja akitumaini jambo jingine. "Mama, ulisema hutamwaga."

"Sikumwaga. Mume wangu ni fundi vioo, hawezi kulala nyumba moja na kioo kichafu. Hata miwani ya mama yake huifuta akiwa ameivaa."

Wengine wakacheka, lakini kicheko hakikusaidia. Fundi Vioo alitamani ardhi ipasuke. Alisimama pale akiangalia mikono yake, mikono iliyosafisha kila upande. Kila upande? Akainua kichwa.

"Nyuma!" akasema. "Kioo cha nyuma! Kile kinachotazama ukuta sikukigusa!"

Kwani nani asafishe pasipoonekana? Hata fundi bora ana upande wake wa ukutani. Lakini meza ilikuwa nzito, na maji ni mazito kuliko meza. Wakateka ndoo kadhaa kupunguza uzito, na bado haikusogea. Ndipo Mama Kijino akachukua chupa kubwa ya shampuu, akaimimina yote chini ya miguu ya meza, akatia maji kidogo.

"Nataka mikono," akawaambia watu wa kizingitini.

Hakuna aliyesogea. Wale walikuwa watu waliovuka barabara wasiguswe na kivuli cha nyumba ile. Bwana afya aliwatazama, akavua viatu vyake vinavyong'aa, akaviweka juu ya kiti, akaingia kwenye povu kwa soksi. Muuza mikate akamwona, akaona haya, akaingia. Kisha wawili, kisha wanne. Meza ikateleza na kugeuka, maji yakiyumba, Kijino akipiga kelele "Polepole, wana watoto!", mpaka upande wa nyuma ukatazama mlango.

Ulikuwa umejaa. Vumbi la kahawia limeota nene, na juu yake kopepodi wakiruka kwa mamia, na wajenzi safu kwa safu, wote wamejifungia kwa ule msukosuko.

Mama Kijino alimkabidhi bwana afya kikombe cha fundi saa. Hakujivuna, alieleza kama anavyomweleza mteja msuko utakavyokaa. Huyu ana jicho moja. Yule amebeba mayai yake. Hawa ni ukoo wa kamba, wanakula hilo vumbi. Ngoja kidogo, usiguse meza. Ngoja. Na bwana afya, aliyekuwa ameinama na soksi zimelowa, alipoona lile shada la kwanza likifunguka, alitoa sauti ndogo ya mshangao, na aliposimama alikuwa anatabasamu kama mtoto.

"Ningeomba unywele wako mmoja nikuonyeshe jambo," Mama Kijino akasema, "lakini naona umeacha nyumbani."

Umati ukaangua kicheko, na bwana afya akacheka nao huku akipapasa kipara. Kijino ndiye aliyetoa unywele. Ukateremshwa, na kila mtu akaona wadudu wakiupita.

Wakapanga foleni kutazama. Muuza mikate alitazama mara mbili. Shangazi naye akatazama, akakaa na kikombe jichoni kwa muda, na alipokitoa kidevu kilikuwa kimeshuka. Bwana afya akasema mbele ya wote kwamba saluni haina kosa, na kwamba ataandika hivyo kwa maneno hayo hayo.

Pangekuwa mahali pazuri pa kuishia. Lakini penye wengi pana mengi, na muuza mikate, ambaye ulimi wake ulikuwa mbele ya akili yake siku zote, akauliza kwa sauti:

"Sasa kama hawa si chawa, chawa wa Shangazi walitoka wapi?"

Pampu ilikoroma. Watu wakamgeukia Shangazi. Mkono wa Shangazi ukapanda kwenye kitambaa chake ukabaki huko.

Na hapo ndipo Fundi Vioo alipoelewa. Alikiona tena kile kichwa nusu, na vidole vya mkewe vilivyosimama nyuma ya sikio, kabla hata swali la vidudu halijaisha kuulizwa. *Leo mikono inaniuma. Uje mapema. Uje peke yako.* Alikuwa amewaona! Tangu dakika ile alijua chawa ni wa nani, na walikuwa kichwani mwa Shangazi kabla hajaingia mlangoni. Neno moja tu lingemwokoa. Lingewarudisha wapambe wa bibi harusi, lingemtoa Kijino kwenye mifagio, na yeye hakulisema, hata kwa mumewe. Damu ikampanda Fundi Vioo. Alifungua mdomo.

Mama Kijino alimkanyaga mguu, kwa nguvu, ndani ya povu.

"Chawa hawaachi anwani," akamjibu muuza mikate. "Mtu anaweza kuwapata kwenye kiti cha gari au mto wa wageni, hata kwa kumbusu mjukuu. Si uchafu, ni bahati mbaya. Mimi nilitakiwa nieleze maji yangu, nimeeleza. Haya, nani ananisaidia kukausha sakafu?"

*

Kesho yake mapema, kabla mlango haujafunguliwa, mtu aligonga. Fundi Vioo alikuwa anarudisha maji ya mwisho kwenye tangi. Alifungua akamkuta Shangazi, kitambaa kimemfunika mpaka nyusi, peke yake.

Mama Kijino hakushangaa. Alivuta kiti cha katikati, akakung'uta kitambaa safi, akamvika mabegani. Kitana cha meno membamba na dawa vilikuwa vimeshawekwa tayari mezani, na Fundi Vioo alijiuliza vimewekwa hapo kila asubuhi tangu lini.

Shangazi alikaa. Akalitazama tangi muda mrefu huku vidole vikimfungua ile nusu iliyosukwa.

"Ulijua," akasema hatimaye, sauti imekwaruza. "Siku ile ile. Ulijua, ukaniacha nikuchafue mji mzima."

"Inama kidogo, Shangazi wangu."

"Nijibu, mwanangu."

"Siku ile mikono iliniuma," akasema Mama Kijino, akaanza kuchana.

Shangazi akalia bila sauti, mabega yakitikisika chini ya kitambaa. Fundi Vioo aliweka ndoo chini, akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake. Muuza mikate alikuwa anapanga mikate yake, akamuuliza kuna nani ndani mapema hivyo.

"Hakuna mtu," akasema Fundi Vioo, akageuza kibao kikasomeka *Tumefunga*, akasimama mbele ya mlango.